Mapenzi yanayohitaji kumbukumbu: wahusika baiseksho na panseksho katika katuni za watu wazima

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninasomea uandishi wa filamu hapa Dar es Salaam na napenda sana katuni za vichekesho za watu wazima, zile za Kimarekani. Nimegundua kwamba mhusika anayependa wanaume na wanawake karibu kila mara ni mlevi, tapeli, au kiumbe wa sayari nyingine anayemtamani kila anayepita mbele yake. Mimi mwenyewe ni mmoja wa watu wanaopenda jinsia zaidi ya moja, na nikiwatazama sijui nicheke au nikasirike. Je, huko ndiko kuwakilishwa? Zipo zilizofanya vizuri? Rafiki yangu wa Nairobi ananiambia kwao hata katuni za watoto zilipigwa marufuku kwa jambo hili. La mwisho: naandika mswada mfupi wa katuni, na mhusika wangu mkuu ni mwanamke wa aina hiyo. Ni lazima alitamke neno lenyewe?

Marahaba, mwanangu. Jina lako na chuo chako nimeviacha nje kama ulivyoomba. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu swali lako linagusa jambo ambalo wengi wanaoandika kuhusu katuni hizi hulipitia juu juu. Wao huhesabu: msimu huu wako wangapi, mwaka jana walikuwa wangapi. Hesabu ina kazi yake. Shirika la GLAAD la Marekani, linalofuatilia namna wapenzi wa jinsia moja na baiseksho wanavyoonyeshwa kwenye vyombo vya habari, hutoa ripoti kila mwaka, na kwa miaka mingi ripoti hizo zimerudia lalamiko lako lilelile: mhusika baiseksho kwenye televisheni huandikwa kama mtu asiyeaminika, anayetumia mwili wake kupata anachokitaka, au ambaye mapenzi yake kwa jinsia ya pili huzuka sehemu moja na kusahaulika inayofuata. Kwa hiyo macho yako yako sawa. Ila hesabu haikwambii kwa nini katuni za vichekesho ndizo zimezama zaidi kwenye tabia hiyo. Mimi naona sababu iko kwenye muundo wa hadithi zenyewe, kabla hatujafika kwenye chuki au upendo wa mwandishi.

Tuelewane kwanza. Nikisema baiseksho, namaanisha mtu anayevutiwa na watu wa jinsia zaidi ya moja. Nikisema panseksho, namaanisha mtu ambaye jinsia ya mwenzake si kigezo anapopenda. Wapo wengi wanaoweza kujiita kwa jina lolote kati ya hayo mawili na wasikosee, na kuna katuni moja maarufu iliyojikwaa hapohapo. Nitaifikia.

Sasa fikiria. Mwanamume akiwa na mke, mtazamaji anamhesabu ni mpenda wanawake, basi. Akiwa na mwanamume, anamhesabu shoga. Ni lini mtazamaji atamwona kuwa baiseksho? Ni pale tu hadithi inapokumbuka. Lazima tumjue aliyekuwa naye juzi na aliye naye leo, na yule wa juzi abaki mtu halisi, asifutwe kana kwamba alikuwa makosa ya ujana. Mapenzi ya namna hii huonekana katika muda. Hadithi isiyo na kumbukumbu haiwezi kuyaonyesha ila kwa njia moja: kuwarundika wote kwenye tukio moja, mwanamume huku, mwanamke kule, na mhusika katikati akiwataka wote kwa mpigo. Ndicho hicho ulichokiona.

Na katuni za Kimarekani zilijengwa kwa miaka mingi bila kumbukumbu. Chanzo kilikuwa biashara. The Simpsons ilipoanza mwaka 1989, fedha nyingi za vipindi vya aina hiyo zilikuja baadaye, kipindi kinapouzwa kwa vituo vya mikoani ili kirudiwe kila jioni. Vituo hivyo havikujali mpangilio. Leo vinarusha sehemu ya msimu wa tatu, kesho ya msimu wa kwanza. Ili mtazamaji asipotee, kila sehemu ilibidi iishie ilipoanzia. Bart, mtoto wa kiume, hakui. Homer, baba yake, akifukuzwa kazi, wiki ijayo yuko kazini. Ndoa iliyovunjika saa mbili na dakika tano inakuwa imeungwa ifikapo saa mbili na nusu.

Tazama kilichotokea walipotaka kugusia jambo lako kwa Lisa, binti wa familia hiyo. Ilibidi watoke kabisa nje ya wakati wao ulioganda. Katika sehemu ya Desemba 2011 iitwayo Holidays of Future Passed wanaruka mbele miaka mingi, na kwenye mfululizo wa picha za familia Lisa anaonekana akiwa na wapenzi wa kike kabla ya kuishia kwa Milhouse, rafiki wa kaka yake Bart. Ni sekunde chache tu, na hazitoi maelezo yoyote. Lakini zina mpangilio wa kwanza, wa pili na wa tatu, na mtazamaji anaelewa papo hapo. Ndiyo maana nasema ni suala la muda kabla ya kuwa suala la ujasiri.

Roger alizaliwa ndani ya mfumo huo. American Dad! ilianza mwaka 2005 kwenye kituo cha Fox, kazi ya Seth MacFarlane, Mike Barker na Matt Weitzman. Roger ni kiumbe wa kijivu kutoka sayari nyingine, anajificha darini kwa familia ya Smith, na kila akitoka nje huvaa mavazi na maisha ya mtu mwingine. Anatamani wanaume, wanawake, na wengine wasio hao wala hao. Karibu kila mjadala wa panseksho kwenye katuni humtaja.

Nitamtendea haki kwanza. Novemba 2004, miezi michache kabla ya kipindi kuanza, majimbo 11 ya Marekani yalipiga kura siku moja kuzuia ndoa za jinsia moja. Katika hewa hiyo, hapa kuna nyumba ambamo baba, Stan, ni mfanyakazi wa CIA na mhafidhina wa kupindukia, na bado kinachomuudhi kwa Roger ni wizi, uongo na fujo. Anayelala naye si habari. Kwa vijana wengi waliokuwa wakitazama wakati ule, hilo lilikuwa pumzi. Lakini utamanifu wa Roger umefungwa kwenye furushi moja na pombe, tamaa na ukatili wake. Ni kipengele kimoja cha ulafi. Na kwa kuwa kila wiki ni mtu mpya, Roger hana mpenzi wa zamani, ana waliodhurika tu. Mtu akiniuliza kama Roger anamwakilisha yeyote, najibu kwamba anawakilisha uhuru wa mwandishi wa vichekesho. Mtu baiseksho wa kweli, mwenye jana yake, simwoni pale.

Pam Poovey ni hatua mbele. Archer, kazi ya Adam Reed, ilianza rasmi kwenye kituo cha FX mwaka 2010. Pam ni mkuu wa utumishi katika shirika la ujasusi ambalo watu wake wanatukanana mchana kutwa. Mwanzoni anaandikwa kama kituko: mnene, mropokaji, anayetaka wanaume na wanawake, na wenzake wanamcheka. Kisha kipindi kinaanza kumkumbuka. Tunagundua alilipa ada ya chuo kwa kupigana ngumi mitupu mashindanoni. Tunamwona kwenye mbio za magari za usiku. Msimu baada ya msimu anakuwa mmoja wa watu wanaotegemewa zaidi pale kazini, na kupenda kwake jinsia zote kunabaki palepale, bila kusahihishwa na bila kutolewa udhuru. Haandikwi kwa heshima muda wote, tusidanganyane. Lakini anaandikwa kwa ukamilifu, na mimi nikiambiwa nichague kati ya heshima tupu na ukamilifu, nachukua ukamilifu.

Hata kwenye vipindi vya mtindo wa zamani wapo waandishi waliopenyeza vitu vizuri. Viwili navipenda kwa moyo wote.

Cha kwanza ni South Park, mwaka 2007, sehemu ya Cartman Sucks. Butters, mtoto wa miaka minane asiye na hila, anafanyiwa mzaha mbaya na Cartman, na baba yake akahitimisha kwamba mwanawe huenda ana mwelekeo wa baiseksho. Anampeleka kwenye kambi ya kidini ya "kuwanyoosha" watoto. Butters hajui hata neno hilo linamaanisha nini. Wanamwambia amechanganyikiwa, amechanganyikiwa, mpaka mwisho anasema kwamba hakuwa amechanganyikiwa hadi watu wazima walipoanza kumwambia hivyo. Kipindi hicho hakimbembelezi mtu yeyote, ni kikali na kichafu, na siku hiyo ukali wote ulielekezwa kwa wenye kambi. Mtoto aliachwa na akili yake timamu. Sijui hotuba nyingine ya katuni iliyolisema jambo hili kwa usafi kiasi hicho.

Cha pili ni kidogo mno, sentensi moja tu. Bob's Burgers, Novemba 2013, sehemu ya Turkey in a Can. Bob Belcher anaandaa bata mzinga wa sikukuu, na kila asubuhi anamkuta ametumbukizwa chooni. Inabidi arudi dukani kununua mwingine, na mwingine tena, mpaka muuza nyama anaanza kuamini kwamba huyu bwana anarudi kwa ajili yake. Bob anamtuliza: yeye ni wa wanawake. Halafu anajisahihisha, kwa sehemu kubwa ni wa wanawake. Anampenda mkewe Linda, ana watoto watatu, hakuna chochote kinachobadilika. Lakini mtu mwenye mke na mapishi amesema kitu cha kweli juu yake kaunta ya nyama, kwa adabu, kwa sababu hakutaka kumdanganya mwenzake. Kichekesho kinabaki juu ya bata mzinga. Mashabiki wameishika sentensi ile miaka yote hii, na siwashangai.

Rick Sanchez, mwanasayansi mlevi wa katuni ya Rick and Morty, anahitaji mkono mwepesi zaidi. Katika sehemu ya Auto Erotic Assimilation ya mwaka 2015 anakutana na mpenzi wake wa zamani, Unity. Sikiliza: mpenzi wa zamani! Unity ni akili moja inayomiliki miili ya wakazi wote wa sayari, wanaume kwa wanawake, na Rick anampenda Unity mwenyewe, mwili ukiwa wowote ule. Ukitaka mfano wa panseksho uliochorwa mpaka mwisho wa mantiki yake, ni huu, na katuni pekee ndiyo inayoweza kuuchora. Nusu ya kwanza ni ulevi na anasa, yale yale ya Roger. Kisha Unity anamwacha kwa barua, anamwambia kwamba wakiwa pamoja yeye Unity anapotea. Rick anarudi nyumbani, anaingia gereji, na anakaribia kujiua. Hakuna kichekesho kinachokuja kumwokoa mtazamaji. Wazo la kupenda bila kujali mwili lilichekwa kwa dakika kumi na tano, na mwishoni likageuka huzuni ambayo hakuna aliyethubutu kuicheka. Kasoro yake, kwa maoni yangu, ni kwamba misimu iliyofuata haikuujenga upande huo wa Rick sawasawa, kana kwamba ulitosha kutajwa mara moja.

Mabadiliko makubwa yalikuja na mitandao ya kutazamia. Netflix ilipotoa BoJack Horseman Agosti 2014, ilimwaga msimu wote kwa siku moja. Watu wakatazama kwa mpangilio, na mwandishi akapata ruhusa ya kukumbuka. Katika katuni hiyo Todd anamwambia rafiki yake, mwaka 2017, kwamba yeye ni aseksho, mtu asiyevutiwa na wengine kwa tamaa ya mwili. Hilo ni jambo tofauti na lako, lakini liliwafundisha waandishi wengine kitu cha ufundi: mhusika wa vichekesho anaweza kutamka neno la namna hiyo kwa utulivu, na kesho yake akaendelea kuwa mchekeshaji yuleyule, mwenye mipango ya biashara ya ajabu.

Aliyebuni mwonekano wa dunia ya BoJack ni mchoraji Lisa Hanawalt, na baadaye akatengeneza ya kwake: Tuca & Bertie. Ulitaka iliyofanya vizuri. Kwangu ni hii kabla ya nyingine zote. Netflix iliionyesha Mei 2019 na kuikatisha baada ya msimu mmoja, kisha kituo cha Adult Swim kikaichukua kwa misimu miwili zaidi, 2021 na 2022. Tuca ni ndege wa mdomo mkubwa, mwenye kelele, mwili wake anautumia bila woga, na kwa maelezo ya haraka ungesema ni Roger mwingine. Lakini angalia Hanawalt alivyomjenga. Msimu wa kwanza Tuca anamtamani kijana wa duka la vyakula, na badala ya kumrukia anababaika. Kumbe ameacha pombe, na hajawahi kumtongoza mtu akiwa hajalewa. Mtu ambaye sote tulidhani hana haya, anaogopa salamu.

Msimu wa pili hapati usingizi. Anatembea mjini usiku peke yake, na usiku huo anakutana na Kara, muuguzi. Wanazungumza, wanazoeana, wanapendana. Rafiki yake Bertie hashtuki kwamba safari hii ni mwanamke. Hakuna kikao, hakuna machozi ya kujitangaza. Kinachomsumbua Bertie ni kingine, na kinaingia polepole: Kara anampunguza Tuca. Anaudhika Tuca anapoumwa. Anamtaka awe mdogo, mkimya, asiyehitaji kitu. Uhusiano ule unavunjika kwa sababu Kara ni mchoyo wa huruma, na maumivu yake yamechorwa kwa uzito uleule ambao hadithi za mume na mke zimepewa siku zote. Kwangu mimi hiyo ndiyo haki kamili: kupewa mpenzi mbaya kwa sababu za kawaida za wapenzi wabaya. Na yule kijana wa duka hakugeuzwa kuwa uongo. Tuca alimtaka kweli, na akampenda Kara kweli.

Harley Quinn nayo ina kumbukumbu nzuri, ingawa kelele zake ni nyingi. Mhusika huyu alibuniwa na Paul Dini na Bruce Timm kwa ajili ya katuni ya Batman mwaka 1992, akiwa kibaraka wa mapenzi wa Joker, adui mkuu wa Batman. Katuni yake ya watu wazima ilianza mwishoni mwa 2019 kwa kumtoa kwa Joker, na msimu wa pili, mwaka 2020, unamfikisha kwa Poison Ivy, rafiki yake wa siku zote, ambaye wakati huo ni mchumba wa Kite Man. Wepesi ungekuwa kusema Harley hakuwahi kumpenda Joker, au Kite Man ni mjinga anayestahili kuachwa. Waandishi walikataa wepesi huo. Kite Man anaandikwa kama mtu mwema anayeona mwenyewe kwamba bibi harusi hayuko naye, na anaondoka kwa heshima. Joker anaendelea kuwemo kwenye hadithi. Wanawake wale wawili wana jana yenye wanaume ndani yake, na jana hiyo haikupigwa deki.

Umeona kwamba wengi ninaowasifu ni wanawake? Wanaume baiseksho ni wachache zaidi kwenye skrini, na hilo linaniuma, kwa sababu kura za maoni za Gallup zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wamarekani wanaojitambulisha kuwa LGBT (wasagaji, mashoga, baiseksho na waliobadili jinsia) ni baiseksho. Kwa hiyo nakuelekeza kwa Moxxie. Vivienne Medrano aliitoa katuni yake, Helluva Boss, moja kwa moja YouTube, bila kituo cha televisheni kumwambia akate nini. Moxxie ni shetani mdogo, mwoga kiasi, msafi wa kazi, mpenzi wa maigizo ya nyimbo, na mume wa Millie ambaye anampenda mpaka anakera wenzake. Katika sehemu iitwayo Exes and Oohs, baba yake Moxxie, jambazi mkubwa, anataka kumwoza kwa nguvu kwa Chaz. Chaz ni mpenzi wa zamani wa Moxxie. Tena ni mpenzi wa zamani wa Millie pia. Hapo ndipo kicheko kilipo, mume na mke kugundua kwamba wote wawili walipita mlango uleule. Baba anaangalia fedha tu, maana anadhani Chaz ni tajiri. Hakuna hata mmoja anayesema kwamba ndoa ya Moxxie na Millie ilimponya, wala kwamba ndoa ile ni pazia. Mwanamume mwenye mke, aliyewahi kuwa na mwanamume, na ndoa yake ndiyo kitu imara kuliko vyote kwenye hadithi. Miaka kumi nyuma nisingeweza kukutajia mfano wa namna hiyo.

Sasa ile iliyojikwaa. Oktoba 2019 Netflix ilitoa msimu wa tatu wa Big Mouth, katuni kuhusu wanafunzi walioingia balehe. Anahamia msichana mpya, Ali, na anawaeleza wenzake kwamba yeye ni panseksho. Anatumia vyakula viwili vya Kimeksiko kama mfano wa jinsia: baiseksho anapenda taco na burrito, lakini yeye anaweza kumpenda hata taco aliyezaliwa burrito. Yaani watazamaji waliambiwa kwamba baiseksho hawawapendi watu waliobadili jinsia. Baiseksho wenyewe na watu waliobadili jinsia waliungana kupinga, na ndani ya siku chache Andrew Goldberg, mmoja wa waanzilishi wa kipindi, aliomba radhi hadharani na kukubali kwamba wangeweza kufanya vizuri zaidi. Tatizo halikuwa nia. Walitaka kumpa Ali upekee kwa haraka, na njia ya haraka ilikuwa kuwapunguza wengine. Kinachosikitisha ni kwamba katika sehemu hiyohiyo Jay, mvulana ambaye kipindi kilikuwa kimemjenga taratibu, naye anajitangaza kuwa baiseksho, na mapokezi hayafanani: msichana anashangiliwa, mvulana anatiliwa shaka. Hilo lilikuwa jambo la kweli na zito, nalo lilimezwa na mjadala wa taco.

Umetaja viumbe wa sayari nyingine, na hapo nakuunga mkono. Waandishi wakitaka mtu mwenye mapenzi mapana, mara nyingi humtafuta nje ya binadamu, kana kwamba binadamu wa kawaida hafiki huko. Tuca ni ndege, lakini simhesabu humo, kwa sababu majirani zake wengi ni ndege pia. Shida iko pale ambapo familia nzima ni watu na mgeni wa darini peke yake ndiye anayependa hivyo. Bean wa Disenchantment, kazi ya Matt Groening, anaonyesha njia nyingine: yeye ni binti mfalme, binadamu, amewahi kuwatamani wanaume, na anayempenda kwa dhati ni nguva aitwaye Mora. Hapo ajabu iko kwa mwenzake.

Rafiki yako wa Nairobi amesema kweli. Juni 2017 Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya ilitangaza kuzuia katuni sita, zikiwemo Adventure Time, Steven Universe, The Loud House na The Legend of Korra, kwa madai kwamba zinawafundisha watoto mapenzi ya jinsia moja. Korra ananihusu kwa sababu ya hoja yangu. Kwenye hadithi ile, msichana Korra alikuwa na mvulana Mako. Asami, msichana mwingine, naye alikuwa na Mako. Mwaka 2014, mwisho wa yote, Korra na Asami wanashikana mikono na kuondoka pamoja, na watunzi wakathibitisha baadaye kwamba ni mapenzi. Hakuna aliyetamka chochote, wala hakuna busu. Misimu minne ya kumbukumbu ilitosha kueleweka na kila mtu, pamoja na wale waliopiga marufuku. Kuhusu wewe, sheria zetu unazijua. Andika kwa uhuru, lakini rasimu chagua unayempa, na jina lako lilinde.

Tuje kwenye mswada wako. Kama ungekuwa na misimu mitatu ningekwambia neno liache, fanya kama Hanawalt. Lakini umesema ni mfupi, na kwenye dakika nane huna pa kuweka jana na leo. Kwa hiyo kuna njia mbili. Moja ni kumpa neno, alitamke katikati ya shughuli nyingine, anakuna nazi au anatafuta chaji, na mazungumzo yaendelee. Asisimame katikati ya jukwaa kulitoa kama hotuba ya Ali.

Njia ya pili naipenda zaidi: ilete jana yake ndani ya chumba. Mweke kwenye kamati ya harusi ya binamu yake. Mweka hazina awe mwanamume aliyeachana naye mwaka juzi, katibu awe mwanamke aliyeachana naye mwaka jana, na wote wawili wanamdai mchango ambao hajalipa. Mtazamaji ataelewa kila kitu kwa namna kila mmoja anavyotamka jina lake. Vicheko vyote vitoke kwenye deni, kwenye kundi la WhatsApp, kwenye mjomba anayetaka bendi badala ya muziki wa spika. Ukikuta mzaha unaokwisha nguvu ukiondoa kwamba mmoja ni mwanamke, ufute mzaha huo. Na mweka hazina na katibu wape kila mmoja mstari mmoja unaoonyesha kwamba alipendwa: anajua chai yake ina sukari ngapi, anakumbuka anaogopa lifti. Hapo hutahitaji neno. Ukimaliza rasimu nitumie, na usiniletee muhtasari. Nataka kusoma kikao chenyewe, mstari kwa mstari.